Kucheza na moto barabarani Uingereza: visa, kibali, nguo na nywele

Vijana wengi wa Pwani waliojifunza kuzungusha moto kwenye hoteli za Nungwi, Kendwa au Diani hufika Ulaya na kipaji kilichokomaa. Mwili unaijua kazi. Kinachobadilika ni mazingira. Ufukweni hadhira hukaa upande mmoja, chini kuna mchanga, bahari ipo hatua chache, na habari za vibali hushughulikiwa na hoteli. Ukisimama kwenye barabara ya London au Manchester, hayo yote huna, na likitokea la kutokea, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Nazungumzia Uingereza tu hapa, maana kila nchi ina taratibu zake.

Anza na visa kabla hujanunua hata lita moja ya mafuta. Hapa ndipo wenzetu wengi wanapojiponza bila kujua. Mwenye visa ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na masharti yanamtaja mtumbuizaji waziwazi kuwa ni kazi asiyoruhusiwa kuifanya. Zile saa 20 kwa wiki ambazo mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi wakati wa muhula ni za kuajiriwa, na sarafu za wapita njia si mshahara wa mwajiri. Visa ya matembezi nayo haikupi ruhusa ya kupitisha kofia watazamaji watie pesa. Msanii aliyeletwa na kundi la sarakasi kwa visa ya kazi za ubunifu amefungwa kwa mdhamini wake, kwa hiyo aulize kwanza kama anaweza kutumbuiza nje ya mkataba. Wenye ukaazi wa kudumu, na wengi walio kwa visa ya mwenza, wako huru zaidi. Ukiwa na shaka, lipia saa moja ya mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Usitegemee neno la rafiki aliyesema "mimi nilifanya, hawakuniuliza".

Baada ya hapo uliza barabara ni ya nani. Hakuna leseni moja ya nchi nzima kwa wasanii wa barabarani. Kila halmashauri ina utaratibu wake. Camden wanadai leseni, na Westminster walianza mpango wao wa leseni mwaka 2021 kwa maeneo maalumu ya katikati ya London. Viwanja vingi vinavyoonekana kama vya umma ni mali ya kampuni binafsi, na hapo kibali hutoka kwa mwenye uwanja. Kuwa na leseni ya kupiga ngoma au kucheza hakumaanishi moto umeruhusiwa. Waandikie barua pepe, uwaambie unatumia vifaa gani na mafuta kiasi gani, mduara wako wa kuchezea una upana gani, nani atasimama na blanketi la kuzimia moto, kisha uambatanishe tathmini ya hatari. Jibu lao litunze kwenye simu, ili askari akija umwoneshe.

Kuna sheria ya barabara ya mwaka 1980, inayotumika England na Wales. Ukiwasha moto kwenye barabara ya magari bila idhini, na mtumiaji wa barabara akaumia, akazuiwa au akawekwa hatarini, umetenda kosa. Sheria hiyohiyo inakataza kuziba njia. Kwa hiyo hata kama moto wako ni salama kabisa, watu wakikusanyika hadi mama mwenye kigari cha mtoto ashindwe kupita, una kesi ya kujibu.

Kuhusu bima, unayoihitaji ni ile ya kufidia madhara kwa watu wengine. Chama cha wasanii cha Equity huwapa wanachama wake kinga ya hadi pauni milioni 10. Popote utakapokata bima, pata kwa maandishi kwamba inahusu moto, na vifaa vyako vyote vimetajwa.

Sasa nguo na nywele, jambo ambalo miongozo ya Wazungu huligusa kwa mstari mmoja tu. Vitenge na khanga nyingi za siku hizi ni polista, na polista ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Vuta uzi mmoja wa pindoni, uushike kwa koleo, uuwashe juu ya sinki. Pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Polista hujikunja na kuacha kipande kigumu cheusi kama shanga. Chochote kinachoacha shanga hiyo kisipande jukwaani. Waandaaji wa matamasha hupenda kutuvalisha manyoya bandia ya chui na sketi za majani makavu ili tuonekane "wa Afrika". Kataa. Hayo ni mavazi ya kuungulia, tena yanatudhalilisha.

Nywele za kusukia za bandia nazo huyeyuka. Dada aliyesuka rasta ndefu azikusanye zote na kuzifunga kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji, asiache hata ncha moja mgongoni. Mafuta ya nywele yasipakwe siku ya onesho, na wenye ndevu ndefu wazifunge vilevile.

Mafuta ni ya taa, na petroli usiiguse kabisa, kwa sababu mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Loweka tambi za vifaa vyako, zile sehemu zinazowaka, mbali na mduara, ufunike kopo, kisha kung'uta mafuta ya ziada ndani ya chombo kabla ya kuwasha. Matone yanayoruka ndiyo huunguza watazamaji, na yakibaki chini hutelezesha watu. Kutema moto kwa mdomo mimi nakupinga moja kwa moja: mafuta kidogo yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia kali.

Usicheze peke yako. Mlinzi wako anakutazama wewe muda wote, ana taulo la pamba lenye unyevu na blanketi la moto, na kizimamoto kiko karibu yake. Kofia ipitishwe na mtu mwingine. Upepo ukigeuka kuelekea kwa watu, zima na ufunge kazi.

Mtu akiungua, kimbilia maji ya bomba yaliyopoa, yatiririke kwa dakika 20, kisha funika kwa plastiki ya kufungia chakula. Dawa ya meno, yai, siagi na barafu viache. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja chake, au kikiwa usoni, nenda hospitali idara ya dharura. England huduma ya pale dharura ni bure kwa kila mtu, hata mwenye karatasi zisizokamilika. Kwa hatari kubwa piga 999.

Maoni yangu ni kwamba usianzie barabarani. Anzia penye waandaaji waliozoea moto. Edinburgh kuna tamasha la Beltane, linalofanyika usiku wa Aprili 30 juu ya kilima cha Calton tangu 1988. Linaendeshwa na watu wa kujitolea, nao hutafuta washiriki miezi kadhaa kabla. Huko utafanya mazoezi na walinzi wa moto wenye uzoefu, na utapata watu wa kukutaja halmashauri itakapokuuliza umewahi kufanya kazi hii wapi.