Jinsi ya kutambua nundu za nyigu kwenye bluberi mwitu

Mwongozo huu ni wa bluberi mwitu fupi, Vaccinium angustifolium, kichaka cha matunda ya buluu kinachotanda kwenye mashamba ya Maine, Marekani, na upande wa pili wa mpaka, Kanada. Anayesababisha nundu hizi, yaani uvimbe kwenye shina la mmea, ni nyigu mweusi mdogo mno, Hemadas nubilipennis, asiyezidi milimita 3. Yeye ni vigumu kumwona; nundu yake ndiyo ushahidi.

1. Nenda majani yakishapukutika. Jike hutaga kwenye chipukizi laini mwanzoni mwa kiangazi. Nundu huanza ikiwa ya kijani na laini, kisha huwa nyekundu, na kufikia vuli imekuwa ya kahawia na ngumu. Vijiti vikiwa vitupu huonekana waziwazi.

2. Chuchumaa. Tafuta uvimbe wenye umbo la figo, wa sentimita 1 hadi 3, uliokaa kwenye shina. Fukua na majani makavu yaliyo chini. Nyingi hujificha humo.

3. Ipasue. Usiamini umbo peke yake. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Weka nundu juu ya kibao, ipasue polepole kwa kisu chembamba chenye makali. Ndani utakuta vijumba vidogo, na katika kila kimoja buu mmoja mweupe asiye na miguu. Kwa wastani nundu moja hubeba mabuu 12 hivi.

Ukikuta ndani ni mti tu, bila vijumba, na uvimbe uko karibu na udongo, shuku bakteria. Machipukizi manene yaliyosongamana na kuvimba yote kwa pamoja ni kazi ya kuvu ya kutu. Na majani ya nchani yakijikunja na kuwa mekundu, yafunue: ukiona vibuu vyeupe au vya rangi ya chungwa, huyo ni mbu-nundu (inzi mdogo sana) Dasineura oxycoccana, si nyigu wetu.

4. Tazama matundu. Vitundu vya duara maana yake waliomo wameshatoka. Nundu hiyo ni ya zamani, usiihesabu kwenye kizazi cha mwaka huu.

5. Subiri watoke. Mabuu hulala humo baridi yote, kwa hiyo chuma nundu nzima, zisizo na matundu, theluji ikishayeyuka. Ziweke kwenye chupa ya mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi, andika tarehe na mahali. Usikaze kifuniko, zitaota ukungu.

Watakaotoka si lazima wawe wenye nyumba. Eurytoma na Sycophila, ambao nao ni nyigu, hukulia humohumo, hivyo linganisha kila mmoja kwa lenzi kabla ya kuandika jina. Hemadas wako wakiwa majike karibu wote, ni kawaida; madume ni adimu.

Andika pia kama shamba lilichomwa au lilifyekwa. Moto mkali huua mabuu. Kufyeka huziacha nundu chini zikiwa hai, kwa hiyo kwenye shamba lililofyekwa anza kukagua ardhini.