Jinsi ya Kujiandaa kwa Shindano la Ulimbwende Nairobi na Kutoka Humo Ukijiamini

Wasichana wengi wa Nairobi hujiandikisha katika mashindano ya ulimbwende wakiamini kwamba taji ndilo litakalowapa ujasiri. Katika kuwafunza washiriki kwenye kumbi za mitaa ya Eastlands nimeona mambo yakienda kwa mpangilio mwingine: ujasiri hujengeka wakati wa maandalizi, katika saa za mazoezi ambazo hakuna anayepiga makofi, na taji likija humkuta mtu aliyekwisha kujiamini. Kwa hiyo nitazungumzia zaidi maandalizi kuliko ushindi, ingawa aliyejiandaa vyema ndiye pia mwenye nafasi kubwa zaidi ya kushinda.

Anza kwa kujua unachokitaka. Chukua daftari uandike jambo moja ambalo shindano litakuachia hata ukirudi nyumbani mikono mitupu: kuweza kuzungumza mbele ya ukumbi uliojaa bila sauti kutetemeka, kupata picha nzuri za kupeleka kwa mawakala wa wanamitindo, kufahamiana na wabunifu wa mavazi, au kuutambulisha mradi wa kijamii unaoujali. Usiandike kwamba unataka umaarufu, kwa sababu umaarufu huamuliwa na watu wengine na hakuna zoezi unaloweza kulifanya asubuhi ili kuupata.

Kuchagua shindano na kuwachunguza waandalizi

Nairobi ina mashindano ya kila ngazi. Vyuo vikuu huandaa ya wanafunzi wao, kuna ya kutafuta mabalozi wa utalii, na kuna ya kitaifa yanayompeleka mshindi Miss World au Miss Universe. Yapo pia yenye lengo mahususi, kama lile la watu wenye ualbino, wanaume kwa wanawake, lililofanyika jijini humu mwaka 2016 ili kupambana na unyanyapaa. Ikiwa hujawahi kupanda jukwaani, ningekushauri uanzie shindano dogo la chuo au mtaa, ambako ukikosea utakuwa umekosea mbele ya watu wanaokufahamu na wanaokutakia mema.

Soma masharti ya mwaka huu, wala usitegemee uliyosimuliwa na waliokutangulia. Miss Universe iliwafungulia mlango wanawake walioolewa na wenye watoto kuanzia shindano la 2023, na mwaka 2024 ikaondoa kikomo cha juu cha umri, lakini bado nakutana na akina dada waliojiondoa wenyewe kwa kudhani kwamba wakati wao umepita. Waandalizi wa hapa nchini wanaweza kuwa na masharti yao ya ziada, hivyo waulize moja kwa moja.

Sasa naomba tuwe makini sana, kwa maana katika hatua hii ndipo wasichana wengi hupoteza pesa, na wengine hupoteza zaidi ya pesa. Kampuni na majina ya biashara husajiliwa na serikali, na unaweza kulitafuta jina la waandalizi kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ukilipa kwa M-Pesa, tazama jina la anayepokea: ada ya shindano inayoingia katika simu ya mtu binafsi badala ya akaunti ya kampuni inahitaji maelezo. Uliza kama kuna kura za kulipia na zina uzito gani katika alama, kwa sababu shindano ambalo mshindi wake huamuliwa na wingi wa kura zilizonunuliwa halitakupima wewe, litapima mifuko ya jamaa zako. Kikao chochote, kiwe cha kupimwa nguo au cha kupigwa picha, kifanyike mahali pa wazi, nawe uende na dada, mama au rafiki. Mwandalizi au jaji akikudai ngono ili akupe alama, huo si uzoefu wa kazi wala gharama ya ndoto. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inahusu mambo kama hayo, na namba 1195 hupokea bila malipo simu za wanaokumbwa na dhuluma za kijinsia. Ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini, kisha utafute shindano jingine.

Mwendo

Mwendo wa jukwaani hujifunzwa kwa mwili, kwa hiyo kusoma pekee hakutoshi. Chora mstari mrefu wa chaki sakafuni, vaa mchuchumio uleule utakaouvaa usiku wa fainali, na utembee juu ya mstari huo kila siku hadi miguu iache kuutafuta. Hatua ziwe za wastani, mguu mmoja mbele ya mwingine, mabega yashuke, kidevu kiwe sambamba na sakafu. Ukifika mwisho wa jukwaa simama kabisa, vuta pumzi, watazame majaji, kisha geuka huku kichwa kikiwa cha mwisho kugeuka. Wanaoharakisha hapo hupoteza nafasi ambayo macho yote yalikuwa yao peke yao.

Jirekodi kwa simu. Binti mmoja niliyemfunza alikuwa na mwendo mzuri sana, lakini kila alipofika mwisho wa jukwaa mkono wake wa kushoto ulishika pindo la gauni na kulivuta chini. Nilipomwambia alikataa katakata: “Mimi sivuti nguo, mwalimu.” Nikamwonyesha video katika simu yake mwenyewe, akaitazama mara mbili bila kusema neno, kisha akaanza kutembea ameshika kalamu katika mkono huo. Baada ya siku kadhaa aliiweka kalamu mezani na mkono ukabaki umetulia. Tabia za namna hiyo hazionekani na mwenyewe, nazo ndizo humfichulia jaji hofu ya mshiriki kabla hajafungua kinywa.

Maswali ya majaji

Ukiniuliza muda mwingi uutumie wapi, nitakujibu bila kusita: katika kujifunza kujibu maswali. Wanapobaki watano au sita, wote ni warembo na wote wanajua kutembea, na kinachowatofautisha ni wanachosema. Evelyn Njambi mwaka 2016 na Magline Jeruto mwaka 2017 waliiwakilisha Kenya hadi tano bora ya Miss World, na Mary Esther Were akafika sita bora ya Miss Universe katika fainali iliyofanyika Manila Januari 2017. Swali alilopewa Mary Esther lilihusu Donald Trump, aliyekuwa ameapishwa siku kumi tu zilizotangulia. Mshiriki aliyetumia mwezi mzima akihangaikia nywele na kucha hawezi kuokoka mbele ya swali kama hilo.

Soma gazeti kila siku, liwe Taifa Leo au jingine, na usikilize taarifa ya habari ya saa moja usiku ukiwa na daftari. Kila siku geuza habari mbili kuwa maswali, uyaandike katika vikaratasi, uvitie ndani ya bakuli. Jioni mdogo wako achomoe kikaratasi kimoja, akisome kwa sauti, na akushikie saa: una nusu dakika, au dakika moja kwa wingi. Usijibu ukiwa umeketi. Simama, vaa viatu, ushike kijiko kana kwamba ni maikrofoni, kwa sababu mwili unapaswa kuzoea kufikiri ukiwa wima na unatazamwa.

Jibu lenyewe lianze na msimamo, lifuatwe na sababu moja uliyoiona kwa macho yako, kisha liishe. Tuseme umeulizwa ungemshauri gavana wa Nairobi aanze na jambo gani. Wengi husema wangependa vijana wasaidiwe, amani idumu na wanawake wainuliwe, na jaji hawezi kukumbuka hata neno moja wanaposhuka. Linganisha na hili: “Ningemwomba aanze na taa za vichochoroni, Mathare na Mukuru. Msichana anayetoka masomo ya jioni hutembea gizani akiwa ameshika simu kifuani, na mzazi wake hapumui hadi asikie mlango ukifunguliwa. Taa zikiwaka, msichana huyo ataendelea na masomo.” Hapo hakuna msamiati mgumu. Kuna mahali panapojulikana, mtu anayeonekana na matokeo yanayoeleweka. Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini, katika fainali ya Miss Universe ya mwaka 2019, aliulizwa jambo muhimu zaidi la kuwafundisha wasichana wa leo, naye akajibu uongozi tangu sentensi ya kwanza, kisha akaeleza kwa nini. Hakuzunguka.

Ukiwa hukulisikia swali vizuri, omba lirudiwe; hakuna jaji atakayekupunguzia heshima kwa hilo. Ukiwa hulijui jambo lenyewe, sema kwa utulivu kwamba hulifahamu kwa undani, kisha eleza unachokiamini kuhusu suala lililo karibu nalo. Kuhusu lugha, mashindano mengi ya Nairobi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini uliza mapema kama unaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Jibu sanifu kwa Kiswahili unachokimudu lina uzito kuliko Kiingereza cha kukariri kinachokatika katikati. Usichanganye lugha ndani ya sentensi moja. Mtaani hakuna ubaya, lakini jukwaani huonekana kana kwamba umekwama.

Maswali haya yatakuelekeza pia kwenye mradi wa kijamii. Miss World ina kaulimbiu ya urembo wenye kusudi tangu mwaka 1972, na majaji wengi wa hapa hufuata mkondo huo. Chagua jambo dogo unaloweza kulifanya kabla ya shindano, kama kuwafundisha kusoma watoto wa jirani kila Jumamosi, badala ya kutangaza mpango mkubwa ambao haujaanza. Flaviana Matata, aliyeiwakilisha Tanzania katika Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa nywele na kufika kumi bora, baadaye alianzisha taasisi ya kusaidia elimu ya wasichana ambayo jina lake linaendelea kutajwa kwayo hadi leo.

Mavazi na siku yenyewe

Hapa sitakaa sana. Gauni la kukodi linalokukaa vizuri ni bora kuliko la kushonwa kwa deni, kitambaa kizuri kinapatikana Biashara Street, na Gikomba ukiamka mapema utapata viatu imara kwa bei ya chini. Valia gauni lako kamili angalau mara moja kabla ya fainali, uketi nalo, upande nalo ngazi. Siku ya shindano kula chakula ulichokizoea, fika kabla ya wakati ulioambiwa, na ubebe sindano, uzi, pini na maji. Nyuma ya jukwaa usiwachambue wenzako. Msaidie mmoja kufunga zipu, na utaona mikono yako mwenyewe ikiacha kutetemeka.

Baada ya matokeo

Usiposhinda, ruhusu machozi ya usiku huo, kisha ndani ya wiki moja uwaombe waandalizi alama zako kwa kila kipengele, ufungue daftari uone kama ulilipata lile jambo moja uliloliandika. Tunzi huyo niliyemtaja alishiriki Miss South Africa mwaka 2017 akaishia hatua ya nusu fainali, na miaka miwili baadaye akatwaa taji la nchi yake na la dunia.

Ukishinda, usitie sahihi mkataba usiku huohuo ukiwa na maua mkononi. Omba siku chache, umpelekee wakili au mtu anayezielewa sheria, na uangalie mambo haya: mkataba unadumu muda gani, waandalizi watachukua sehemu gani ya malipo ya matangazo, zawadi zilizotangazwa zitatolewa lini, nani atagharamia safari zako, na picha zako zitatumika wapi na hadi lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua jinsi taarifa zako, zikiwemo picha, zinavyotumiwa. Kifungu usichokielewa kiandikwe upya kwa lugha unayoielewa kabla ya kalamu yako kugusa karatasi.