Ripoti ya hali ya wanawake kijijini isiishie kabatini, itoeni hivi

Jamani mkishamaliza utafiti, kabla hamjakimbilia waandishi wa habari rudini kwanza kwa kina mama waliowapa majibu, wasomeeni, tena Tandahimba au Newala huko Mtwara ongeeni na Kimakonde maana bibi aliyewaelezea shamba lake la mikorosho lilivyochukuliwa mume alipofariki ana haki ya kusikia mmeandika nini. Majina yaondoeni kwenye ripoti, na hata vitu vinavyomtambulisha mtu, kijiji kidogo watu wanajuana.

Halafu chagueni mambo matatu tu, yaandikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, rekodini na voisi ya dakika mbili hivi ya kurusha Whatsapp, wengi wataisikia kuliko watakaosoma. Redio za huku pia, ombeni kipindi.

Muda nao muhimu sana, Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinaanza Novemba 25, msimu wa korosho, hela ipo na ugomvi wa hela upo, watu watasikiliza.

Kwa afisa maendeleo ya jamii na diwani nendeni na ombi maalum, mfano ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya kukopesha vikundi vya wanawake, ulizeni vikundi vya kata yenu vimepata ngapi.