Ukibadilisha kanuni, mtafute fundi wa tairi

Wataka kuihamisha meza yako ya wachezaji kwenye toleo jipya la mchezo wa kusimuliana visa kwa dadu, Dungeons & Dragons, au kuna kanuni imekuchosha na waiandika upya mwenyewe. Wachezaji utamalizana nao. Watabisha, watafuta-futa karatasi za wahusika wao, chai italetwa, dadu zitarushwa. Kazi iko kwa wahusika wasio na mchezaji: bawabu wa lango, mvuvi, mjane, mchuuzi wa mafuta ya taa. Hao walipanga maisha yao kwa kanuni uliyoifuta jana usiku, na hawana wa kuwasemea isipokuwa wewe msimulizi, mwenye kuiendesha dunia ya mchezo.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Mombasa, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandari ya Kilindini. Mwaka 2019 ilitoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapandishwe reli ya SGR, yakashughulikiwe Nairobi. Amri ilizungumzia treni na makontena basi. Haikumtaja fundi wa tairi wa Changamwe, wala mama wa chai wa Miritini, wala mwenye gesti ya Mariakani ambako madereva wa malori walikuwa wakilala. Lakini ndio walioumia, na watu wakawa wanaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa alitangaza kazi hiyo irudi Mombasa. Haya, imerudi, lakini kibanda kilichong'olewa hakisimamishwi na tangazo. Tangu hapo, nikishika kitabu cha kanuni, huanza kumtafuta fundi wa tairi wake.

Anza kwa kuisoma kanuni mpaka mwisho. Hakuna udhuru wa bei: tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za msingi za toleo la 2014 zimeachiliwa kwa leseni ya Creative Commons, zasomeka bure hata kwa simu. Kisha iandike kwa maneno ya mtu wa sokoni, ya zamani na mpya. Mfano wa mwanga. Katika toleo la 2000, mwanafunzi wa uchawi aliwasha mwanga mara chache kwa siku, akiishiwa asubiri kesho. Katika toleo la 2014 awasha kila apendapo, na kila mwanga wakaa saa nzima.

Msimulizi mwenye haraka atasema hapo hapo kwamba muuza mafuta kafilisika. La. Endelea kusoma: akiwasha mwanga wa pili, ule wa kwanza wazimika. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja ni taa moja, tena taa inayokula, inayolala, inayodai mshahara. Kwenye kisiwa changu cha mchezoni mnara wa kuongozea majahazi uliajiri wanafunzi wawili wa kupokezana zamu, na mnada wa samaki wa usiku ukamkodi mmoja. Nyumba za kawaida zikabaki na mafuta ya papa kama kawaida. Aliyekula hasara ni nahodha mmoja tu aliyekuwa akiuza mapipa mnarani, na sasa ana deni na ana hasira. Mtu mmoja wa namna hiyo atakupa visa vya kuchezesha kuliko soko zima lililofungwa.

Kanuni za kufufua maiti ndizo tamu, na hapo usikimbie. Toleo la 2003 linadai almasi ya thamani ya vipande 5,000 vya dhahabu ili kasisi amrudishe mtu. La 2014 linadai ya vipande 500, bora awe hajapitisha siku 10 tangu afe, na roho iwe yataka kurudi. Almasi yenyewe hupotea, haitumiki tena. Kwa hiyo jana ufufuo ulikuwa wa masultani, na leo tajiri wa nguo aweza kuumudu akiuza jahazi.

Mwenzangu mwingine angefikiria makasisi. Mimi, kwa tabia ya kazi, swali langu la kwanza lilikuwa ushuru. Kila mwingiza mali duniani hupenda kuiandika kwa bei ya chini. Haya, mfanyabiashara kaleta almasi, kaiandikisha forodhani kwa vipande 300 akwepe ushuru. Miezi miwili baadaye mwanawe kafa maji. Je, almasi ile ni ya 300 au ya 500? Binamu yangu, ambaye mhusika wake ndiye kasisi, akaniambia, "Yakhe, jiwe ni lile lile, tia tu." Shemeji akasema kama karatasi ya forodha yasema 300, basi miungu nayo ishasoma 300. Tulibishana mpaka muadhini akaadhini isha. Uamuzi wangu: thamani ni ile aliyoilipa mnunuzi wa mwisho mbele ya mashahidi. Mfanyabiashara akalazimika kumuuzia ndugu yake jiwe hadharani, kwa bei ya kweli, na karani wa forodha amesimama pale na daftari lake. Mtoto alifufuka, baba akashtakiwa.

Halafu fuata mirathi. Siku 10 ni nyingi: kufikia hapo mali imeshaanza kugawanywa, na mdogo wa marehemu kashauza mbuzi. Amua mapema, kwa kinywa cha kadhi wa mji, kama kifo huvunja ndoa ya aliyefufuliwa au la, na kama madeni yake yamekufa naye. Kuna na uchawi mkubwa zaidi katika toleo hilo hilo, wa almasi ya 1,000, unaomrudisha aliyekufa hata miaka mia iliyopita, almuradi hakufa kwa uzee. Huo niliufungia. Kisiwa chenye mashamba ya minazi yanayogombaniwa na vitukuu hakihitaji babu arudi kudai shina la kwanza. Waosha maiti, kwa upande wao, hawakupungukiwa na kazi. Walianza kulipwa zaidi wamtunze maiti vizuri wakati jamaa wanatafuta jiwe.

Kanuni za nani aweza kuwa nani zataka mkono mwepesi. Kabla ya toleo la 2000, dwafu, yaani mtu wa ile jamii ya wafupi wenye nguvu, hakuweza kuwa mchawi, na wasio binadamu waliwekewa ukomo wa daraja katika kazi nyingi. Ukiondoa hayo usiseme kwamba dunia ilikuwa hivi tangu zamani, maana wamfuta yule dwafu mzee aliyeomba shule akafukuzwa. Mimi nilisema waliozuia ni chama cha wachawi. Kanuni ilipobadilika ikawa ni hukumu ya baraza, na yule mzee kaingia darasa moja na watoto wa miaka kumi na miwili. Wengine walimpisha kiti, wengine hawakumpisha.

Kuna njia ya mkato, nayo ni janga. Toleo la 1989 lilipomwondoa muuaji wa kukodiwa kwenye orodha ya kazi za wahusika, Forgotten Realms, mojawapo ya dunia za mchezo huu, ililieleza jambo hilo kwa vurugu za miungu walioshushwa ardhini, na wauaji wakafagiwa. Kwa toleo la 2008 mungu wa uchawi, Mystra, akauawa, na kalenda ikarushwa mbele karibu miaka mia. Sikatai, lina kishindo. Lakini miaka mia ukishairuka, kila mwenye duka mliyezoeana naye yuko kaburini, na wachezaji wako wanaanza upya kuulizia njia ya sokoni. Kama kanuni imenyamaza tu, na wewe nyamaza. Kitabu cha wachezaji cha 2024 hakina tena chotara wa binadamu na orki, lile zimwi la vita, kwenye orodha yake. Kijana wa namna hiyo anayeuza pweza gatini kwangu bado auza pweza, na hakuna aliyeniuliza.

Mabadiliko ya asili ya uchawi hufika kote siku moja. Hukumu, ushuru na amri husafiri na majahazi, kwa hiyo zipe msimu: zilizotoka kaskazini zingoje Kaskazi, na bandari za mbali ziendelee kwa sheria ya zamani mpaka pepo zigeuke. Wachezaji wajanja watafanya biashara katikati ya hizo sheria mbili. Waache. Na usiwasomee tangazo, waonyeshe bei. Waingie dukani wakute almasi imepanda, wenyewe watauliza kwa nini.

Meza ikiikataa kanuni mpya, irudishe ya zamani, lakini yaliyotendeka yasifutwe. Mwanafunzi aliyekopa akanunua joho la kazi ya mnarani bado adaiwa, na mwenye kumdai hana habari za matoleo.