Usiku mbili msituni na watoto: jinsi ya kupanga ukiwa Moshi au Arusha

Watu wa huku kwetu tukisema tunaenda mapumziko akili inakimbilia Zanzibar au Tanga baharini, wakati msitu uko hapo juu tu, tunauangalia kila asubuhi umefunikwa mawingu. Mi naishi Moshi mjini, nina watoto watatu, na kila mwaka tunajitahidi angalau mara moja tupande tukakae usiku mbili kwenye zile nyumba ndogo za likizo zilizojengwa ukingoni mwa msitu, yani kila familia na nyumba yake, mna jiko lenu na kibaraza chenu, gari linabaki getini na mkishafika ni miguu tu. Ulaya wana vijiji vizima vya namna hiyo, Uholanzi walianza tangu 1968. Huku kwetu zinapatikana pia, ila hakuna mtu atakayekupangia kila kitu, unapanga mwenyewe, na hapo ndo watu wengi wanakwama.

Safari yetu ya kwanza tulitaka kuona vyote. Tulilala Marangu, asubuhi tukashuka mpaka chemchemi ya Chemka kuogelea, kesho yake tukakimbilia maporomoko ya Materuni, na ukiangalia ramani utaona tulichokifanya, kila siku tulishuka mlima tukapita Moshi tukapanda tena upande mwingine. Mdogo alitapika njiani mara mbili, yule mkubwa alilala kwenye gari muda mwingi, na ule msitu tuliolipia kukaa karibu nao tuliuona usiku tu kukiwa giza. Tangu hapo tuna sheria moja, mkishafika gari haliwashwi mpaka siku ya kuondoka, na likiwashwa kabla ya hapo ni mara moja tu, kwa kitu kilicho karibu. Ukilishika hilo mengine yote yanakuwa rahisi, hata kuchagua nyumba, maana unatafuta sehemu ambayo mkitoka mlangoni kuna kitu cha kufanya.

Wapi sasa

Ukitokea Moshi mi nasema Marangu kwanza. Ni kama kilomita 40 kupitia Himo, lami mpaka geti la hifadhi, na kuna mito, kuna mifongo ile ya kumwagilia ambayo wazee walichimba kwa mikono, kuna vihamba vya migomba na kahawa chini ya miti mirefu, yani mtoto wa mjini hachoki. Jambo moja lazima mlijue mapema, msitu wenyewe ule wa juu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, mpaka wa hifadhi ulisogezwa mwaka 2005 ukaujumuisha, kwa hiyo huwezi kuamka tu asubuhi ukaingia na watoto, kuna kiingilio na kuna mwongozaji. Ndo maana natafuta nyumba ambayo chini yake kuna mto au kijia cha kupita vihambani, hapo mnatembea bure kabisa, mkiwa na mwenyeji. Wafundishe watoto kusalimia kila mtu wanayempita, na wasichume yale masale ya kwenye mipaka, kwa Wachaga lile jani lina heshima yake, linaweka mpaka na linaombea msamaha, mtoto akilivunja kwa kuchezea wenye kihamba watasikitika.

Ukitokea Arusha una njia mbili. Ya kwanza ni upande wa Usa River kupanda kuelekea Momella, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hapo msitu wa Meru uko karibu sana na mkiingia hifadhini watoto wanaona twiga, nyati, mbega, na maziwa ya Momella ambayo kuna misimu yanakuwa na flamingo wengi. Kinachonifurahisha pale ni kwamba unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye bunduki, kwenda maporomoko ya Tululusia kwa mfano, na kwa mtoto wa miaka nane au tisa kupita karibu na twiga bila kuwa ndani ya gari ni kitu atakachosimulia darasani muhula mzima. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa keshi getini, mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA, bila hicho mtapata shida kulipa bei ya Mtanzania.

Njia ya pili ni Duluti pale Tengeru, kama kilomita 13 tu kutoka mjini. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, unalizunguka kwa miguu chini ya miti mikubwa kwa muda usiozidi asubuhi moja, na kuna mitumbwi. Kwa familia yenye mtoto mchanga au bibi asiyeweza milima mi napapenda kuliko kote, maana njia haina mlima mkali. Ila Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, barabara inajaa, fikeni mapema au mpange kupita sokoni kununua ndizi na parachichi kabisa.

Na kama hujawahi kabisa kutoka na watoto kwenda msituni, kabla hujalipia nyumba wapeleke Rau siku moja. Msitu wa Rau uko hapo hapo pembeni ya Moshi, mnakwenda asubuhi mnarudi mchana, kuna mvule mkubwa mno ambao watoto wetu watatu na baba yao walishikana mikono wakashindwa kuuzunguka. Siku hiyo moja itakuonyesha nani anaogopa wadudu, nani anachoka baada ya nusu saa, nani viatu vimembana. Nyumba utaichagua ukiwa unajua unampeleka nani.

Lini

Epuka masika, Machi mpaka Mei, njia za udongo zinateleza na mtashinda ndani. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu lakini kukavu, na likizo ya shule iko hapo, mi ndo nachagua wakati huo. Desemba kwa upande wa Marangu, Machame na Rombo siyo wakati wa kutafuta utulivu, Wachaga wote wako nyumbani, vyumba vimejaa, bei imepanda, usafiri shida. Kama lazima iwe Desemba nendeni wiki ya kwanza, au mwelekee Arusha. Siku za katikati ya wiki ni bora kuliko wikiendi, hakuna kelele, na mara nyingi ukiomba punguzo unapewa.

Simu kabla ya kulipa

Hapa naomba unisikilize vizuri. Picha za kwenye intaneti hazikwambii kitu, piga simu uongee na mtu, na siyo mtu wa ofisini mjini, omba uongee na anayekaa pale pale. Kuna sehemu tuliambiwa maji ya moto yapo, na kweli yalikuwepo, ila ni ya sola, na sisi tulienda Julai jua halikuonekana siku tatu. Nilichemsha maji ya kuogesha watoto kwenye sufuria moja ya lita tano, jiko lenyewe la kuni, mpaka saa nne usiku. Kwa hiyo siku hizi siulizi "maji ya moto yapo?", nauliza "yanachemshwa na nini, na kukiwa na mawingu inakuwaje?" Vile vile na umeme, usiulize kama upo, uliza ukikatika wanawasha nini na mpaka saa ngapi.

Uliza bei ni ya nyumba au ya kichwa, maana hapo ndo watu wanaumia, unaona bei nzuri kumbe ni ya mtu mmoja na nyie mko sita. Uliza watoto wanahesabiwaje na kuanzia umri gani, na kama VAT imo ndani, hiyo kodi ukiongezewa mwishoni inauma. Wakikutajia dola waombe bei ya shilingi, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza huduma za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni, na uliza kabisa kama wana bei ya mkazi, sehemu nyingi wanayo ila hawaitaji mpaka uulize.

Alafu jiko. Kama mnapika wenyewe, gesi ni ya nani? Sufuria ngapi na ukubwa gani? Friji ipo? Uliza pia kama kuna ukumbi wa sherehe jirani, hili hakuna anayelifikiria, unaenda kutafuta ukimya wa msitu unakuta harusi na spika mpaka alfajiri. Kama kuna mto au bwawa la kuogelea uliza kama pana uzio, na hata wakikujibu ndiyo, ukifika nenda kaangalie mwenyewe kabla watoto hawajashuka kwenye gari. Mwisho uliza habari ya barabara kilomita za mwisho, gari dogo linafika hata mvua ikinyesha? Mkiridhika tuma advansi, hifadhi meseji ya muamala, na waombe wakuandikie kwa meseji mlichokubaliana, pamoja na mkiahirisha hela inarudi kiasi gani.

Vya kubeba

Kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama digrii 6. Moshi iko chini ya mita 900 na geti la Marangu liko karibu mita 1900, kwa hiyo hesabu mwenyewe, mtoto anayelala na singlendi mjini kule anahitaji sweta, soksi na suruali ndefu, na kila mtu nguo za kubadilisha mara mbili kwa siku maana zikilowa kwenye ukungu hazikauki. Buti za mvua ni muhimu kuliko koti zuri. Beba tochi kila mtu na yake, hii watoto wanaipenda sana, beba dawa zenu za kawaida, kadi za bima na pawabenki. Kwa upande wa Duluti ambako ni chini kidogo, hakikisheni vyandarua. Vyakula wekeni kwenye vikapu na makontena yenye mfuniko, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata hivyo haiwazuii kima. Kima akiona ndizi dirishani anaingia. Mbega yeye hana shida na mtu, anakula majani yake huko juu, mwambieni mtoto amwangalie mkono vizuri, hana kidole gumba.

Na siafu. Mkiwa mnatembea anayetangulia aangalie chini, mkikuta mstari mnaruka, hakuna kusimama kushangaa hapo. Suruali iingizwe ndani ya soksi.

Siku zenyewe

Ijumaa tunaondoka mapema mchana ili tufike kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu msituni giza linaingia haraka na mnahitaji mwanga kupanga vitu na kuwasha moto. Chakula cha siku hiyo nakipika nyumbani kabisa, mtori kwenye hotipoti, hakuna kuanza kumenya ndizi na watoto wanalia njaa.

Jumamosi asubuhi ndo siku yenyewe, tembea mapema kuanzia saa moja, ndege na mbega wanaonekana, na jua halijawa kali. Sisi Marangu tunashuka maporomoko ya Kinukamori, ni karibu na barabara, ngazi zinateleza kwa hiyo mtu mzima mmoja kwa kila mtoto mdogo, na hadithi ya binti na chui mtasimuliwa hapo hapo. Wenye vijana wakubwa wanaweza kuingia hifadhini wakaenda Mandara, kile kituo cha kwanza cha wapanda mlima, ila jamani ni kilomita 8 kwenda tu, ni siku nzima, msiwaburute wadogo. Mchana wote acheni wazi. Usipange kitu. Watoto watalalamika hakuna waifai kama nusu saa hivi, wakishatulia wataanza kujenga vibanda vya matawi na kuchezea maji, na mama mkwe wangu, ambaye mjini haongei sana, hapo kibarazani ndo alianza kuwasimulia jinsi walivyokuwa wanagawana maji ya mfongo kwa zamu, kila ukoo na siku yake. Sijawahi kumsikia akiongea muda mrefu hivyo.

Usiku waandae watoto mapema kwa ajili ya sauti watakazosikia. Kuna perere, mnyama mdogo wa ukoo wa pimbi, saizi ya sungura, anakaa juu ya miti na anapiga kelele usiku kama mtu anayekabwa, inaanza taratibu inapanda. Mara ya kwanza tulipomsikia wote watano tulirundikana kitanda kimoja. Ukiwaambia kabla ya kulala ni nini kile, wanamsubiri. Alfajiri mbega nao wananguruma, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka, na hao nao watajieni.

Jumapili kuondoka huwa ni saa nne asubuhi, kwa hiyo pangeni mizigo Jumamosi usiku, mwachieni kila mtoto nguo moja tu ya asubuhi. Mkimaliza zunguka nyumba nzima mwenyewe, angalia chini ya vitanda, kwenye soketi kama kuna chaja, nyuma ya nyumba kwenye kamba kama kuna soksi zimebaki, na takataka zenu shukeni nazo.