Jinsi ya kuonyesha filamu za Márta Mészáros kwenye kibanda, na VJ anyamaze wapi

Vibanda vyetu vya video hapa Uganda vimezoea ngumi na bunduki, VJ, yule mtafsiri wa papo hapo, kashika maiki anaongea mwanzo mpaka mwisho, watu wanacheka, hakuna ubaya. Lakini kama mna kikundi cha kina mama, cha akiba au cha kushona, mko kambi ya wakimbizi ya Nakivale au Kampala au popote Kiswahili kinaposikika, na mnataka filamu inayomwonyesha mwanamke anavyoishi kweli, tafuteni za Márta Mészáros, mama Mhungaria mwongozaji wa filamu. Alizaliwa Budapest 1931, familia ikahamia Umoja wa Kisovieti, baba yake mchongaji sanamu akakamatwa enzi za Stalin na hakurudi, mama naye akafariki, akabaki yatima huko huko, baadaye akasomea filamu Moscow. Amepiga dokumentari nyingi kabla ya filamu yake ndefu ya kwanza ya 1968, na ukiangalia vizuri utaona hiyo dokumentari haijamtoka.

Anzeni na ile ya 1975, Örökbefogadás, kwa Kiingereza itafute kama Adoption, yaani kuasili mtoto. Ndiyo ilimpa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwanamke wa kwanza kuichukua. Ombeni ruhusa mapema kwa taasisi ya taifa ya filamu ya Hungaria, kwa barua pepe tu, mkisema ni kikundi na hamtozi kiingilio.

Kibanda kodisheni mchana, saa nane hivi, kina mama wawahi kurudi kupika, na msichague siku ya mechi kubwa ya Uingereza maana mwenye kibanda atawageuka. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe kwa hiyo giza ni muhimu kuliko kawaida, yale matundu ya misumari kwenye mabati yanatupa vidoti vya mwanga juu ya shuka la kuonyeshea mpaka uso wa mtu hauonekani, zibeni kwa karatasi na gundi. Mvua ikinyesha simamisheni tu, msishindane na bati.

Sasa kutafsiri, hapa ndipo kazi ilipo. Tafuteni dada anayesoma Kiingereza haraka, si lazima VJ wa kazi, mimi nampendelea dada kwa sababu sauti nzito ya kiume ikimsemea Kata, mwanamke mhusika mkuu, filamu nzima inaharibika. Aiangalie kwanza peke yake na daftari, aandike kila mazungumzo kwa kifupi, maana maandishi ya chini ya Kiingereza yanapita haraka, ukitaka kusema yote utabaki nyuma halafu utaanza kubuni.

Kata ni mjane wa miaka 43, anafanya kazi kiwandani, anatembea na mume wa mtu na anataka kuzaa naye. Anaenda kwa daktari kuuliza kama umri wake bado unaruhusu, pale tafsiri swali na jibu basi, usiongeze "masikini mama wa watu". Halafu kuna pale yule bwana anampeleka nyumbani kwake, anamtambulisha kwa mke wake kama mfanyakazi mwenzake tu, wanakaa meza moja. VJ wa kawaida hapo angemwaga utani dakika tatu mfululizo. Zima maiki! Kamera imewasogelea wanawake hao wawili, macho yanasema, na kina mama kwenye benchi wataanza kuguna wenyewe bila kusaidiwa, nani hapa hajui kukaa meza kama hiyo.

Anna, msichana wa makao ya serikali anayezoeana na Kata, mpe sauti ya pili kama mna mtu, asikike mdogo lakini si mpole, ana kichwa kigumu yule.

Ikiisha msiulize "tumejifunza nini", watu watajibu kama kanisani. Ulizeni Kata angekuwa jirani yako ungemwambia nini, hapo mtabishana mpaka mwenye kibanda aje kudai ukumbi wake, hasa kwa wale wanaolea watoto wa ndugu bila karatasi yoyote, wana mengi.

Wiki inayofuata nawashauri Napló gyermekeimnek (Diary for My Children) ya 1984, iliyopata tuzo kubwa ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, ni karibu maisha yake mwenyewe, waelezeni habari za baba yake kabla ya kuwasha projekta la sivyo watapotea. Kilenc hónap (Nine Months) ya 1976 iacheni kwanza mpaka mhakikishe hakuna watoto wanaochungulia dirishani, kwa sababu mwigizaji Lili Monori alikuwa mjamzito kweli na kujifungua kwenyewe kumo ndani ya filamu, si maigizo.