Somo: Antene ya foni ya kuongea Bukavu na Shabunda

Foni ni ile redio ya mawimbi mafupi ya kuongea mbali, si simu. Shabunda iko kama kilomita 170 kutoka Bukavu kwa mstari mnyoofu, na katikati pamesimama mlima Kahuzi, mita 3,308. Wimbi linalotambaa ardhini halipiti hapo. Wengi wanasimamisha fimbo ndefu juu ya paa, kisha wanashangaa Kinshasa wanawasikia na Shabunda kimya. Fimbo ya wima hutupa mawimbi pembeni, yakatua mbali mno. Sisi tunataka wimbi lipande karibu wima, lirudishwe na ionosfea, tabaka la anga lenye chaji za umeme, huko kilomita 250 hadi 350 juu, limwagikie jimbo zima. Kwa hiyo badala ya fimbo tunatandaza waya wa kulala, wenye mikono miwili.

Hatua ya 1: masafa. Mchana megahezi 5 hadi 8, usiku 3 hadi 5. Karibu na ikweta jua la saa sita linameza masafa ya chini, kwa hiyo wakati huo pendelea 7. Tumia yale tu yaliyoandikwa kwenye ruhusa yako.

Hatua ya 2: waya. Kupata urefu wa waya wote kwa mita, gawa 142.5 kwa megahezi. Kwa 5 unapata mita 28.5, yaani mita 14.25 kila mkono. Ongeza kidogo, kupunguza ni rahisi kuliko kuunga.

Hatua ya 3: kimo. Hapa ndipo wazee wa foni hubisha. Kwa megahezi 5, milingoti miwili ya mkaratusi ya mita 7 au 8 inatosha kabisa. Ukipandisha hadi mita 30, nguvu inaanza kukimbilia mbali, na umelipa mafundi bure. Una mlingoti mmoja? Inua katikati, shusha mikono, pembe isipungue digrii 90. Ncha zipite juu ya kichwa cha mtu, maana ukiongea zina volti za kuunguza.

Hatua ya 4: katikati, mikono miwili inapokutana, weka baluni ya 1:1 (kiungo kinachosawazisha waya na kable) na kable ya omu 50 inayoshuka hadi kwenye mashine. Maungio yafunge kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukianzia chini kupanda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Hivyo mvua inateleza bila kuingia. Kisha pima mawimbi yanayorudi kwenye mashine: kipimo chake (SWR) kikae chini ya 2.

Swali (Kadutu): Kaka, kiwanja changu kina mita 20 tu.
Jibu: Kunja ncha kando au ziache zining'inie. Katikati pabaki pamenyooka. Na usihangaike kuuelekeza waya Shabunda. Ukiwa chini hivyo hauchagui upande.

Swali (Walungu): Mchana tunasikilizana, jua likizama wanapotea. Mashine imekufa?
Jibu: Hapana, mama. Usiku ionosfea inadhoofika, megahezi 7 zinaitoboa na kwenda zake. Shukeni hadi 4 au 3.5. Waya wa pili wa masafa hayo unaweza kufungwa kwenye baluni ileile, mikono ukiitandaza upande mwingine.

Swali (Kabare): Ngurumo ikianza, nikizima mashine inatosha?
Jibu: Wewe hasa, haitoshi! Setilaiti zilizohesabu radi ziliiweka Kabare juu ya Afrika yote. Chomoa kable kabla mawingu hayajafika, itoe nje, uifunge kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Ikishaanza kupiga, usiiguse tena.